Majani ya Nana, maradhi ya Fatma

Saa moja asubuhi, uani kwa Nana Junaid, Mishomoroni, eneo la Kisauni. Ameketi kwenye kigoda, mbele yake turubai lililotandazwa chini ya kivuli cha makuti. Juu ya turubai yametapakaa majani ya mwarobaini aliyoyachuma jana. Anayageuza kwa mkono, taratibu, kama mtu anayepekua mchele kutafuta mawe.

"Haya hayapigwi jua," anasema bila kuinua uso. "Yakipigwa jua hugeuka rangi, na daktari akiyaona vile hayataki. Yeye ataka yakauke hali ni ya kijani."

Daktari anayemtaja ni Pascalia Mweri, mtafiti katika chuo kimoja huko huko Kisauni. Majani ya Nana huishia kwenye maabara yake, ambako yanatumika katika utafiti wa kutafuta tiba mpya ya saratani ya mlango wa kizazi.

Simu inalia. Nana anafuta mikono kwenye leso, anapokea, anajibu kwa kifupi kwamba ndiyo, chai ameshakunywa, na mkate pia ameshakula. Anakata, kisha anasonya.

"Huyo ni mke mwenzangu, Fatma. Kila asubuhi lazima apige. Mume wetu, Ghalib, amelala kwake jana, sasa anipigia mimi aniulize habari za chai. Aniringia."

Anageuza majani mengine. "Ama huenda haniringii. Mimi nina wivu, mwanangu. Uandike hivyo hivyo, usinipambe."

Nana ana umri wa miaka arobaini na tisa. Kazi ya majani aliirithi kwa shangazi yake, aliyekuwa akiuza dawa za miti shamba karibu na soko la Kongowea. Tangu akiwa msichana alijifunza kukwea mwarobaini bila kuvunja matawi, kuchagua majani yaliyokomaa na kuyaacha yale machanga. Wateja wake wa kila siku ni akina mama wanaoogeshea watoto wenye upele, na wazee wanaopenda kunywa kitu kichungu wakijihisi wachovu.

Mapato ni ya kubahatisha. Kuna wiki ambazo meza yake hurudi nyumbani kama ilivyotoka. Ndiyo maana alipojiwa na Dkt. Pascalia, miaka mitatu iliyopita, akitaka majani makavu ya miti ile ile kila mwezi, alidhani anafanyiwa mzaha.

"Nilimwuliza, wewe daktari wa chuo, majani yangu ya nini? Akaniambia ataka kuyatengenezea chembe. Nikamwambia, chembe gani? Akacheka."

Chembe zenyewe haziwezi kuonekana kwa macho. Dkt. Pascalia anaeleza kwamba majani huoshwa, hukaushwa, husagwa na kuchemshwa. Maji yake huchanganywa na maji yenye chumvi ya fedha, ile fedha ya pete na bangili. Muda si mrefu mchanganyiko hubadilika na kuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Hapo huwa zimezaliwa chembe za nano, vipande vya fedha vidogo kupita kiasi, vilivyovikwa dawa ya jani.

"Tunaziweka kwenye visahani vyenye seli za saratani ya mlango wa kizazi, tuone zinafanya nini," anasema. "Seli nyingi zinakufa. Lakini kuua seli kwenye kisahani si kazi. Hata sabuni inaua. Kazi ni kuua ile mbaya ukaiacha ile nzuri, tena ndani ya mwili wa mtu. Huko hatujafika."

Kwa Nana, yote hayo yalikuwa maneno ya chuoni. Alipeleka gunia lake, akalipwa, akarudi. Kilichomshughulisha wakati huo kilikuwa Miritini.

Mumewe, Ghalib, ni dereva wa mashine ya kupakia mizigo katika ghala moja la Changamwe. Waliishi wawili kwa miaka mingi, wakalea watoto watatu ambao sasa wana kwao. Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, Ghalib akaoa mke wa pili.

"Alinijia hapa hapa uani, mimi naanika. Akasema, Nana, nina jambo. Nikajua. Mwanamume akisema ana jambo huku amevaa kanzu na si Ijumaa, hilo jambo lina jina na lina nyumba."

Jina lilikuwa Fatma, mshonaji wa nguo, mdogo kwa Nana kwa zaidi ya miaka kumi. Nyumba ilikuwa Miritini, mpya, yenye vigae sakafuni. Zamu ziligawanywa kwa haki, siku mbili huku na siku mbili kule. Lakini Miritini ni karibu na Changamwe, na Mishomoroni ni mbali. Mvua ikinyesha, Ghalib alikuwa Miritini. Malori yakifunga barabara, Ghalib alikuwa Miritini.

"Nilikuwa namnusa kanzu," anasema Nana bila haya. "Udi wa Fatma naujua kuliko anavyoujua yeye mwenyewe. Nilitafuta duka anakoununua, nikanunua, nikajifukiza. Ghalib akaja, akasema, leo nyumba yanukia kama Miritini. Nilitamani ardhi inimeze."

Fatma akajaliwa binti, na Ghalib akawa anatembea na picha ya mtoto kwenye simu. Nana alimpenda mtoto, anakiri, lakini kila alipombeba alimtazama pua kuona kama ni ya Ghalib.

Kisha, mwaka juzi, Fatma akaanza kutokwa na damu isiyokuwa ya mwezi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Anasema aliona aibu, na kwamba alidhani ni dawa za kupanga uzazi. Alipokwenda hospitali hatimaye, kipimo kilionyesha saratani ya mlango wa kizazi. Ilikuwa bado haijasambaa mbali, lakini ilikuwa imepita hatua ya kuondolewa kwa upasuaji mdogo. Aliambiwa angehitaji mionzi pamoja na dawa za kuwekewa mshipani.

Zamu zikavunjika. Ghalib akahamia Miritini.

"Watu walitarajia nilie," anasema Nana. "Nililia. Lakini nikwambie kweli, nililia sababu mbili. Moja, mwenzangu yuwaumwa. Ya pili, nilikwenda kumtazama nikamkuta Ghalib amchemshia maji ya kuoga. Ghalib! Nimezaa watoto watatu, hajanichemshia hata maji ya chai. Nikasimama pale mlangoni, nikamwonea wivu ugonjwa wake. Wallahi, nilitamani niwe mimi."

Anatikisa kichwa. "Ndiyo ujue wivu hauna akili."

Habari za maabara ndizo zilizoleta balaa. Jirani mmoja wa Miritini aliyewahi kuuziwa majani na Nana alimwambia Fatma kwamba bi mkubwa wake huwapelekea wazungu na madaktari mwarobaini wa kutengenezea dawa ya saratani. Fatma, aliyekuwa akiiogopa mionzi kupita kiasi kwa kuwa alisikia inachoma mtu ndani, akaona mlango umefunguka. Hatakwenda hospitali, akasema. Atakunywa dawa ya Nana.

Ghalib alikuja Mishomoroni jioni ile ile. Hakuketi.

"Kwa nini hukutwambia?" aliuliza.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba dawa unayo. Mwenzio amelala pale, na wewe dawa waipeleka kwa watu baki."

"Si dawa, Ghalib. Ni majani. Daktari mwenyewe asema bado wanajaribu."

"Wanajaribu na yanaua saratani. Hayo nimeyasikia."

"Yanaua kwenye visahani."

"Nana," Ghalib akasema, "mimi nakujua. Kama ni chuki ya mitara, iweke kando. Mtu yuwafa."

Akaondoka bila kuaga.

Nana anasema hakulala vizuri, na asubuhi aliamka na hasira zake. Alijaza mfuko majani, yale mazuri kabisa aliyokuwa amemtengea Dkt. Pascalia, akapanda magari mawili kwenda Miritini. Alikuwa ameamua kumpa Fatma anachotaka.

"Nilijua atanishukuru. Ghalib angeniona mtu mwema. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, mimi ndiye ningekuwa wa maana katika ile nyumba. Na yule mwenzangu angekaa nyumbani akinywa maji machungu, ugonjwa ukimla. Nalijua hilo. Njia nzima nalijua, na mfuko nimeushika."

Alimkuta Fatma amekaa kitandani, amedhoofika, na Ghalib pembeni akimsuka nywele. Anamsuka vibaya, Nana anakumbuka, mistari imepinda kama barabara ya Changamwe. Lakini alikuwa anamsuka.

Fatma aliuona mfuko, uso ukang'aa. "Dada, nilijua utaniletea dawa."

Hapo ndipo Nana alipofungua mdomo yakatoka maneno ambayo hakuyapanga.

"Sikuleta dawa," alisema. "Nimeleta majani."

"Ni hayo hayo."

"Si hayo hayo. Yule daktari ayachemsha, ayatia fedha, ana mashine, ana watu waliosoma. Na yeye mwenyewe hajathubutu kumpa mtu. Mimi nani hata nikupe?"

Fatma akaanza kulia. "Sema tu hutaki nipone. Wanionea wivu, dada, tangu siku ya kwanza. Nakuona unavyonitazama."

Ghalib aliacha kusuka. Nana akavuta kiti, akaketi mbele ya mke mwenzake, karibu sana.

"Wivu ninao," akamwambia. "Ninao mpaka hapa shingoni. Nakuonea wivu vigae, nakuonea wivu huyu mume anayekusuka. Sasa sikiliza. Ningekuwa nataka ufe, ningekupa huu mfuko. Ningekwambia chemsha, kunywa asubuhi na jioni, hospitali usiende. Ungenishukuru, na Ghalib angenibusu mikono. Kisha ungekufa, na hapana mtu angenilaumu. Mimi ndiye nimekuja na huo mfuko, Fatma. Na mimi ndiye nakwambia usinywe. Nenda ukachomwe hiyo mionzi."

Fatma mwenyewe anakumbuka vizuri. Tunazungumza naye Miritini, akiwa kwenye cherehani yake, ambayo ameirudia kwa saa chache kila siku.

"Madaktari walikuwa wameniambia mambo yale yale kwa upole, sikuwaamini," anasema. "Dada Nana aliniambia kwa ukali, nikamwamini. Mtu anayekuonea wivu akikwambia ishi, huyo husemi ana hila. Ana faida gani?"

Hata hivyo alitaka kusikia kwa masikio yake. Siku iliyofuata Nana alimpeleka kwa Dkt. Pascalia.

Safari hiyo ilimpa Nana wivu mwingine. Muda wote alikuwa akipeleka magunia yake na kuyakabidhi getini. Hakuwahi kupita mlango wa maabara. Fatma alifika siku moja, akapewa kiti, akaletewa maji, na daktari akamshika mkono.

"Nikabaki nimesimama kama mwavuli," anasema Nana. "Ukutani pana karatasi kubwa ya utafiti. Nikamwomba kijana mmoja anisomee. Jina la mti lipo, la daktari lipo, la chuo lipo. Nikauliza, na aliyeukwea mti? Akacheka. Mimi sikucheka."

Fatma alionyeshwa chupa ya mchanganyiko wenye rangi ya chai. Akaruhusiwa kuchungulia kwenye darubini, akaona seli za saratani zilizokuwa zimesinyaa.

"Mimi nitaipata lini hii?" aliuliza.

Dkt. Pascalia anasema swali hilo ndilo gumu kuliko yote aliyowahi kuulizwa kazini. Mama yake mzazi, mkulima wa Kaloleni, alifariki kwa saratani hiyo hiyo.

"Nilimwambia, si leo, wala si mwaka huu. Bado tuijaribu kwa wanyama, kisha tuombe ruhusa, kisha watu wachache. Inaweza kuchukua miaka mingi, na inaweza kuishia njiani. Nikamwambia hospitali kuna tiba iliyopo sasa, inayofanya kazi. Usiiache hiyo kusubiri yangu."

"Na kama ni mama yako?" Fatma aliuliza.

"Ningempeleka kwenye mionzi leo hii."

Fatma alianza matibabu wiki hiyo katika hospitali moja ya mjini, kisiwani. Ghalib hakupewa ruhusa kazini kila siku, kwa hiyo mtu wa kumsindikiza akawa Nana. Kila asubuhi alitoka Mishomoroni, wakakutana hospitalini, akamshikia mkoba, akamngoja nje ya chumba cha mionzi. Wakirudi, alimkanda miguu na kumlazimisha kunywa uji. Wauguzi walidhani ni ndugu.

"Wakaniuliza, huyu mdogo wako? Nikasema ndiyo. Mmoja akasema, mdogo wako ni mzuri. Nikamwambia, najua, mume wangu ameniambia." Nana anacheka mpaka majani yanatawanyika.

Ni katika siku hizo muuguzi mmoja aitwaye Ruth alipogundua uhusiano wao. Alimwita Nana kando, akamweleza kwamba saratani hiyo kwa kawaida husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamume anaweza kuvibeba bila kuumwa wala kujua. Akamwuliza kama amewahi kupimwa.

"Sikuwahi. Na nikaona uchungu, nikwambie je! Mume tumegawana, mshahara tumegawana, sasa na virusi tugawane? Nikamwuliza Ruth, ni nani aliyempa mwenziwe, mimi ama yeye? Akasema hapana anayeweza kujua, na haifai kitu kujua. Nikamwambia mimi yanifaa sana."

Alipimwa siku hiyo hiyo. Walimpaka siki mlangoni mwa kizazi, na sehemu moja ikageuka nyeupe. Haikuwa saratani. Yalikuwa mabadiliko ambayo, yakiachwa kwa miaka, yangeweza kufikia huko. Yalichomwa kwa kifaa cha joto, na Nana akarudi nyumbani kwa miguu yake. Vipimo vya baadaye vimetoka safi.

Alipompa Fatma habari hizo, mwenzake akasema, "Wewe umechomwa mara moja ukaenda nyumbani. Mimi nachomwa kila siku. Leo ni zamu yangu kukuonea wivu, dada."

Nana anasema hiyo ndiyo siku walipocheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu Fatma aolewe.

Leo Fatma amemaliza matibabu. Anachoka haraka, na bado huenda kuangaliwa kila baada ya muda. Madaktari wamemwambia hawaoni saratani, lakini hawajamwambia amepona kabisa, na yeye amejifunza kutolazimisha jibu. Binti yake ametimiza umri na amechanjwa shuleni dhidi ya virusi vya HPV. Nana ndiye aliyempeleka, kwa kuwa mama yake siku hiyo hakuwa na nguvu. Yule mtoto alilia, Nana akamnunulia mabuyu, na anasema hakumtazama pua.

Zamu zimerudi, siku mbili na mbili. Lakini kuna mtu mpya mwenye malalamiko.

"Nikifika kwa huyu, yuko kwenye simu na yule," anasema Ghalib, tuliyemkuta nje ya ghala lao Changamwe akinywa chai. "Wakikaa pamoja, wananyamaza nikiingia. Zamani walikuwa hawasemezani, nikawa nasumbuka. Sasa wanasemezana, na mimi ndiye niko nje."

Nana aliposikia hayo, alifurahi waziwazi. "Mwache naye aone ladha yake."

Kuhusu yale aliyomwambia jioni ile, Ghalib alikuja kuomba radhi, akiwa na udi mkononi. Ulikuwa ule ule wa Fatma. Nana anasema aliupokea, akauweka kabatini, na hajaufukiza.

Utafiti wa Dkt. Pascalia nao unaendelea. Wanasubiri idhini ya kuanza kujaribu chembe zao kwa panya. Majani yanayohitajika yameongezeka, na Nana sasa huingia mpaka ndani ya maabara na kuketi. Hakupewa kiti. Alichukua.

Mipango yake ni mikubwa kuliko uani. Mjomba wake amemruhusu kutumia kiwanja kilicho nyuma ya Mishomoroni, na tayari ana miche ya mwarobaini kwenye makopo, inayongoja mvua. Anataka shamba la kwake, ili siku chembe hizo zikifika kwa binadamu, kama zitafika, majani yasitoke mbali. Na anataka meza yake ya sokoni iwe mahali ambapo mwanamke akija kuomba dawa ya damu isiyoeleweka, anaambiwa kwanza akapimwe. Ameshaanza. Wateja wengine hukasirika na kwenda kwa muuzaji wa pili.

Jambo moja tu bado halijaamuliwa. Fatma hawezi tena kushona siku nzima, na ameomba waingie pamoja kwenye kazi hiyo. Yeye angeshughulikia hesabu na wateja, Nana abaki na miti.

Mwandishi huyu anamwuliza atajibu nini. Nana anakunja turubai, majani yote katikati, anafunga fundo.

"Ni mwerevu, atauza vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo lanichoma," anasema. "Nitamjibu baada ya mvua. Mume nilimgawa bila kuulizwa, mwanangu. Hii kazi, angalau mwenyewe amekuja akaniuliza."

Ndani, simu inalia tena. Safari hii anainuka haraka.